Neno la Siri Lisisafiri Bila Bahasha

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa makatibu, watunza hazina na wajumbe wa kamati za miradi za sharika, katika semina ya siku moja kuhusu rejesta ya miradi kwenye tovuti. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.



Kwanza niwashukuru kwa kufika. Najua wapo walioondoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi basi la kwanza, na wapo walioacha mahindi yakisubiri palizi. Sitawachosha. Nimepewa muda hadi chai, na mama zetu wa jikoni wameshanionya kwamba maandazi hayasubiri hotuba.

Kwenye ratiba somo langu limeandikwa "Usalama wa tovuti". Hilo ni pana mno kwa asubuhi moja. Nitachukua sehemu moja tu: njia ambayo neno lako la siri linapita kutoka kwenye simu yako hadi kwenye rejesta yetu, na kwa nini njia hiyo ni lazima ifungwe mwanzo hadi mwisho. Na nitaanza na tatizo la Septemba 2025, maana najua ndilo mlilokuja nalo moyoni.

Mtakumbuka kwamba siku tatu kabla ya kufunga robo ya tatu, kila aliyefungua rejesta alikuta onyo badala ya ukurasa wa kuingilia. Kivinjari kilisema muunganisho si salama, kikakataa kuendelea. Hali hiyo ilidumu siku mbili na nusu. Sharika zikagawanyika makundi matatu. Wapo waliosimama, wakapiga simu ofisini, wakasubiri. Wapo walioelekezana kwamba bonyeza pale chini palipoandikwa kwa herufi ndogo, endelea hivyo hivyo, wakaingia na kumaliza kazi yao. Na wapo walioona rahisi zaidi ni kupiga picha kurasa za daftari la watoto na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia moja.

Baadaye kamati mbili zilituandikia barua. Moja iliuliza kama kufuli la tovuti limewekwa ili kuwalinda watoto au ili kuwachelewesha watunza hazina. Ni swali la haki, na nimeahidi kulijibu hapa mbele ya wote.

Tujikumbushe kwanza rejesta ina nini ndani yake. Kuna jina la mtoto, picha yake, shule yake, jina la mlezi na namba yake ya simu. Pale msaada unapohusu matibabu, kuna maelezo ya afya. Kuna kiasi cha ada kilicholipwa na tarehe. Upande wa pili kuna majina ya wafadhili, wengine wakiwa waumini wa sharika zetu wenyewe ambao hawataki jirani ajue wanasomesha watoto wangapi. Mlezi aliyemwambia mwinjilisti habari za dawa anazotumia mtoto alimwambia mtu mmoja, ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini. Kijijini habari ya namna hiyo haihitaji gazeti ili ienee. Inatosha isomwe na mtu mmoja asiyehusika, siku ya soko.

Sasa tuangalie njia. Wengi wetu tumewahi kumpa kondakta wa basi barua ampelekee ndugu mjini. Ukimpa karatasi iliyokunjwa tu, bila bahasha, kondakta anaweza kuisoma, utingo anaweza kuisoma, kijana anayeipokea stendi anaweza kuisoma, na yeyote kati yao anaweza kuongeza sifuri moja kwenye tarakimu kisha akaikunja tena vizuri. Sisemi ni watu wabaya. Nasema wewe mwenyewe umewaachia nafasi.

Unachotuma kwa intaneti nacho hupita mikono mingi. Kinatoka kwenye simu, kinapita waifai ya steshenari au mnara wa kampuni ya simu, kinapita mitambo ya kampuni hii na ile, wakati mwingine kinavuka bahari, hadi kifike kwenye seva, yaani ile kompyuta inayotunza rejesta. Anwani ikianza na http tupu, kila kituo kinaweza kukiona kama kilivyo: jina lako, neno lako la siri, na kila jina la mtoto utakalofungua. Anwani ikianza na https, ile s ya mwisho inatuambia kwamba simu yako na seva vimekubaliana kusimba mazungumzo, yaani kuyageuza kuwa fumbo ambalo ufunguo wake wanao hao wawili tu. Ufunguo huo ni wa muda. Ukiingia kesho mtakubaliana mwingine. Aliye katikati bado anaweza kujua kwamba umewasiliana na tovuti ya Dayosisi, saa ngapi, na kukadiria umetuma kiasi gani. Yaliyomo hayaoni. Na akijaribu kubadilisha hata herufi moja, upande wa pili unagundua na kukata mawasiliano.

Njia hii si ngeni. Kampuni ya Netscape ya Marekani iliianzisha katikati ya miaka ya 1990 ili watu wathubutu kutumia kadi za benki kwenye intaneti, na kwa miaka mingi ilibaki kuwa mambo ya mabenki na maduka makubwa. Sisi wenye rejesta za watoto tulidhani haituhusu.

Hapa ni lazima nikiri kosa langu. Rejesta yetu ilianza kutumika mwaka 2014, na ukurasa wake wa kuingilia ulikuwa wa http tupu. Sikujua, wala sikuuliza. Mwanzoni mwa mwaka 2017 mama mmoja mtunza hazina, mwalimu mstaafu, alinipigia simu akiwa steshenari. Akasema, "Mratibu, kompyuta inaniambia ukurasa huu si salama. Niendelee?" Nikamjibu, "Endelea tu, mama, hizi kompyuta zinapenda kelele." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapana, baba. Kama mashine inasema si salama na wewe huwezi kuniambia ni kwa nini, mimi nitaandika kwa mkono." Akaandika kwa mkono kurasa kumi na moja, akazifunga kwenye bahasha na kuzituma kwa basi. Zilifika baada ya tarehe ya mwisho. Mimi nikauandika usharika wake kwenye orodha ya waliochelewa, na orodha hiyo ikasomwa kwenye kikao.

Kompyuta haikuwa inapiga kelele. Januari mwaka huo vivinjari vya Chrome na Firefox vilikuwa vimeanza kuweka alama ya tahadhari kwenye kurasa zinazoomba neno la siri kupitia njia isiyosimbwa. Wiki chache baadaye alikuja fundi kutengeneza printa yetu. Nilimuuliza kwa kupitia tu. Aliniomba ruhusa, akaunganisha kompyuta yake mpakato kwenye mtandao ule ule wa ofisi, akaniambia niingie kwenye rejesta kama kawaida. Nikaingia. Akageuza kompyuta yake nikasoma kwenye kioo neno langu la siri, herufi kwa herufi. Lilikuwa jina la mwanangu wa kwanza na mwaka wake wa kuzaliwa. Sijawahi kuona aibu kama ile mbele ya printa.

Yule mama alikuwa sahihi, mimi nilikosea. Nilikwenda usharikani kwake kumwambia hivyo, na leo nalisema tena mbele yenu kwa sababu kikao kile kilisomewa jina lake, hakikusomewa langu.

Ushauri wa kwanza tuliopewa baada ya hapo ulikuwa tufunge hatua ya kuingia tu. Yaani neno la siri lisimbwe, na kurasa nyingine za ndani ziendelee wazi, ili seva yetu ndogo isielemewe. Ushauri huo ulikuwa wa kawaida kwa miaka mingi, na tovuti kubwa duniani ziliufuata. Ni vizuri mjue kwa nini tuliukataa, maana wapo watakaokuja kuwashauri hivyo hivyo kwa tovuti za sharika zenu.

Ukishaandika neno la siri, tovuti haikuulizi tena kila unapofungua ukurasa. Inakupa kitu kidogo kinachoitwa kidakuzi. Ni kama ile kadi anayokupa mlinzi wa getini ukishajiandikisha kwenye daftari lake. Ukiwa ndani, atakayekuona nayo hakuulizi wewe ni nani. Kivinjari chako huionyesha kadi hiyo kwa kila ukurasa unaoufungua. Basi kama neno la siri limepita ndani ya bahasha, lakini kadi unaipeperusha wazi kutwa nzima, mwizi hana haja na neno lako la siri. Anachukua kadi. Ni sawa na wazee wanaohesabu sadaka wakiwa wamefunga mlango, wakasaini fomu wote watatu, halafu wakampa kijana fedha kwenye kapu la wazi apeleke benki kwa bodaboda.

Jambo hili lilionyeshwa hadharani Oktoba 2010. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Eric Butler, alitoa katika mkutano mjini San Diego programu ndogo iitwayo Firesheep. Uliiweka kwenye kivinjari cha Firefox, ukakaa mahali penye waifai ya wazi, mgahawani kwa mfano, na watu waliokuwa wameingia Facebook au Twitter karibu nawe walijitokeza pembeni kwa majina na picha. Ukibonyeza jina la mtu, umeingia kama yeye. Butler hakuitoa ili kuiba. Alisema wenye tovuti wana wajibu wa kuwalinda wanaozitegemea, na kwamba wameupuuza wajibu huo kwa muda mrefu. Wakati huo Gmail ilikuwa imeshafunga njia nzima tangu Januari mwaka ule ule. Facebook ilikuwa bado.

Ikapita miezi michache tu, tukapata mfano mwingine hapa hapa Afrika. Desemba 2010 na Januari 2011, wakati wananchi wa Tunisia walipokuwa barabarani dhidi ya serikali ya Rais Ben Ali, watu wengi walianza kupoteza akaunti zao za Facebook. Ilikuja kubainika kwamba ukurasa wa kuingilia ulipokuwa unasafiri kwa njia ya wazi ndani ya mtandao wa nchi ile, ulikuwa unaongezwa mistari michache ya programu katikati ya safari. Mistari hiyo ilinakili jina na neno la siri kabla mtumiaji hajalituma. Angalieni jambo hilo vizuri. Hapa hata kama neno la siri lingesimbwa wakati wa kutumwa, lisingepona, kwa sababu fomu yenyewe ilichezewa kabla haijamfikia mwenye simu. Facebook ililazimika kupitisha maombi yote kutoka Tunisia kwenye https, na waliokuwa wameibiwa wakatakiwa kutambua picha za rafiki zao ili kuthibitisha kwamba akaunti ni zao. Tarehe 26 Januari 2011 kampuni hiyo ilitangaza kwamba mtumiaji yeyote anaweza kuchagua https kwa matumizi yote, na kufikia 2013 ikawa ndiyo njia ya kawaida kwa wote.

Mtaniuliza, sisi na mapinduzi ya Tunisia wapi na wapi? Hatuna adui mkubwa namna hiyo. Lakini waifai ya steshenari iko kila mji wenye usharika, na aliyeiweka pale anaweza kufanya kwa kidogo kile kilichofanyika kule kwa nchi nzima.

Kwa hiyo mwaka 2017 tulifunga kila ukurasa wa tovuti, kuanzia ule wa mbele usio na siri yoyote. Hatukulipia cheti. Zamani cheti cha tovuti kilinunuliwa kila mwaka, na kwa ofisi kama yetu bei ilikuwa kisingizio kizuri. Kisha shirika lisilo la faida la huko California likaanzisha huduma iitwayo Let's Encrypt, ambayo ilitoa cheti chake cha kwanza Septemba 2015 na kufungua mlango kwa watu wote Desemba mwaka huo. Vyeti vyake ni bure, na shirika lenyewe linaendeshwa kwa michango na udhamini. Wafadhili mliopo hapa mtaelewa: kuna watu wanaochangia mahali fulani ili rejesta ya watoto wa kwetu ifungwe bila sisi kulipa.

Sasa cheti ni nini, na Septemba 2025 kilitokea nini?

Kusimba peke yake hakutoshi. Unaweza kuwa na mazungumzo ya siri kabisa na tapeli. Kwa hiyo mwanzoni mwa mazungumzo, seva hutoa cheti. Kivinjari chako hukagua mambo matatu kwa haraka kuliko kupepesa jicho: jina lililo kwenye cheti ni lile lile uliloandika kwenye anwani? Kimesainiwa na mtoaji anayeaminika? Tarehe yake haijapita? Jibu moja likiwa hapana, kivinjari kinasimama.

Cheti chetu kilikuwa cha siku 90. Muda ni mfupi kwa makusudi, ili cheti kikiibwa kisitumike kwa muda mrefu. Kinahuishwa na programu yenyewe ndani ya seva, bila mtu kugusa. Mwezi Julai tulihamishia rejesta kwenye seva nyingine, na ile programu ya kuhuisha haikuwashwa upande wa pili. Hakuna aliyegundua. Hapo zamani Let's Encrypt ilikuwa ikituma barua pepe ya kukumbusha tarehe inapokaribia, nasi tuliitegemea kama kengele ya kanisa. Huduma hiyo ya kukumbusha ilikuwa imesitishwa tangu tarehe 4 Juni 2025. Taarifa ya kusitisha ilitolewa mapema mwaka ule ule. Hatukuisoma. Kosa lote lilikuwa la ofisi yangu, wala si la usharika wowote.

Waliobonyeza "endelea" wananiuliza kama walifanya kosa kubwa, maana baadaye ilionekana seva ilikuwa yetu kweli. Jibu langu ni kwamba hawakuweza kujua. Onyo linaloletwa na cheti kilichopitwa na tarehe na onyo linaloletwa na mtu aliyekaa katikati yanafanana sana kwa msomaji wa kawaida. Siku ile nyuma ya onyo kulikuwa na uzembe wa ofisi tu. Siku nyingine kunaweza kuwa na mtu anayesubiri neno lako la siri. Ndiyo maana sharika zote zilizopita kwa njia hiyo tulizibadilishia maneno ya siri wiki iliyofuata, na nawaomba radhi kwa usumbufu huo wa pili.

Kuhusu picha za daftari zilizotumwa kwenye kundi, hilo linaniuma zaidi. WhatsApp nayo inasimba ujumbe njiani, hilo ni kweli. Lakini bahasha ikishafika na kufunguliwa na watu mia moja, haina kazi tena. Picha zile zipo kwenye simu ambazo watoto wa nyumbani wanachezea, na kwenye simu ambazo zitauzwa. Tuliomba zifutwe. Hatuna namna ya kuhakikisha zimefutwa zote. Wiki ile ile tuliandaa orodha ya walezi wanaohusika, na wachungaji wamekwenda kuzungumza nao mmoja mmoja. Hapa sheria nayo inasema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa taarifa nyeti, na inamtaka anayezikusanya azilinde. Anayezikusanya ni sisi. Usharika ukikusanya, ni usharika.

Niongeze jambo moja ambalo mafundi wengi hawalisemi. Watu wengine huandika jina la tovuti bila kuweka https mbele, au wanabonyeza anwani ya zamani iliyochapwa kwenye kalenda yetu ya mwaka 2015, ambayo naona bado imening'inia kwenye ofisi nyingi za sharika, picha ya Kanisa Kuu ni nzuri, nakubali. Anwani ile inaanza na http. Tovuti huwahamishia kwenye njia iliyofungwa, lakini ile hatua ya kwanza inaweza kupita wazi, na mwaka 2009 mtaalamu aitwaye Moxie Marlinspike alionyesha jinsi mtu wa katikati anavyoweza kumzuia mgeni pale pale mlangoni, asihamishwe kamwe, huku yeye akidhani yuko salama. Dawa yake ilikubaliwa kuwa kanuni ya intaneti mwaka 2012: tovuti inakiambia kivinjari kwamba kuanzia leo usije kwangu kwa njia ya wazi hata ukiombwa. Kivinjari kinakumbuka.

Agizo hilo hatukuwa nalo. Tuliliweka Oktoba 2025. Nataka kamati zielewe matokeo yake, msije mkasema hatukuwaambia. Kivinjari kilichopokea agizo hilo hakikubali tena "endelea hivyo hivyo". Cheti kikiisha muda kwa uzembe wetu, rejesta itafungwa kwa kila mtu, mwenye haraka na asiye na haraka. Tumeuondoa mlango wa nyuma, kwa hiyo ule wa mbele hauruhusiwi kukwama.

Na hapo ndipo ninapowageukia wafadhili. Mara nyingi bajeti za miradi hukubali kujenga tovuti, hukubali kununua kompyuta, hukubali hata fulana za uzinduzi. Mstari wa kumlipa fundi aangalie seva kila mwezi hukatwa kwanza, kwa sababu hauna picha ya kuweka kwenye ripoti. Mwaka 2025 mstari huo ulikatwa kwetu, nasi hatukuutetea. Ombi letu la mwaka ujao linaurudisha, na halizidi gharama ya safari moja ya gari la Dayosisi kwenda majimbo ya mbali. Kazi itakuwa nzito zaidi huko mbele: mwaka 2025 watoaji wa vyeti na watengenezaji wa vivinjari walipitisha kwamba muda wa vyeti upunguzwe hatua kwa hatua, hadi usizidi siku 47 ifikapo Machi 2029. Hakuna katibu atakayeweza kufuata tarehe hizo kwa kalamu.

Kabla sijamaliza, niseme kufuli halifanyi nini. Halikuhakikishii kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye anaweza kupata cheti cha bure kwa jina linalofanana na letu, herufi moja ikiwa tofauti. Watu wengi walikuwa wakiiamini ile alama ya kufuli kupita kiasi, hata mwaka 2023 Chrome ikaiondoa kwenye kompyuta na kuweka alama nyingine. Kwa hiyo msitafute kufuli. Someni jina lote la tovuti. Aidha, kusimba hakumzuii aliyesimama nyuma ya bega lako, wala kompyuta ya steshenari uliyoiruhusu ihifadhi neno lako la siri, wala kile kikaratasi kilichobandikwa kwenye kabati la ofisi ya usharika. Nimekiona katika sharika nne. Sitazitaja.

Maamuzi ni haya, na Baba Msaidizi ameyaridhia. Sharika zote zilizosimama Septemba kwa sababu ya onyo hazihesabiwi kuwa zilichelewa, na kumbukumbu za kikao zimesahihishwa. Tumesahihisha pia zile za mwaka 2017. Kuanzia sasa mtu akikuta onyo la namna yoyote kwenye rejesta, asimame, apige simu ofisini, na tarehe ya mwisho inasogea yenyewe kwa siku zile zote ambazo tatizo litadumu. Asiombe radhi. Wakati huo ripoti isitumwe kwenye kundi lolote. Iandikwe kwa mkono, iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa na iletwe na mtu wa usharika.

Fundi yupo pale nyuma, yule aliyevaa shati la bluu. Baada ya chai atakaa na kila usharika kwa zamu, mfute anwani ya zamani kwenye simu zenu na kubadilisha maneno ya siri. Tutaanza na wanaotoka mbali ili wawahi basi la saa nane. Wenye kalenda ya 2015, kateni picha ya Kanisa Kuu mbaki nayo, ile sehemu ya chini yenye anwani mniachie mimi.